Usimwongezee dawa

Tanga, Jumapili jioni

Kwako Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama naye mguu umempungua maumivu. Hofu ni kwako na hilo duka jipya la dawa hapo Muheza.

Swali lako la juzi halijanitoka. Ulisema yule kijana wa bodaboda karudi mara ya tatu, usaha bado unamtoka, mkojo unamuunguza, dalili zote za kisonono, na vidonge vya sipro, ile antibiotiki, keshameza dozi mbili. Ukaniuliza umwongezee ipi. Zuhura, usimwongezee kitu. Kwenye simu sikukujibu sawasawa kwa kuwa nilikuwa kazini maabara, ndiyo maana nakuandikia.

Nikwambie nilichokiona mwenyewe. Usaha wa kisonono tunauotesha kwenye kisahani chenye damu iliyopashwa moto mpaka ikageuka rangi ya chokoleti. Kijidudu chenyewe kinadeka: baridi hakitaki, ukavu hakitaki, na hewa kinaitaka yenye kaboni daioksaidi ya kutosha. Basi visahani tunavitia kwenye mtungi, tunawasha mshumaa ndani, tunafunika, na mshumaa ukizimika wenyewe tunajua hewa imefaa. Kikishaota tunakipanda upya na kubandika juu yake vikaratasi vya mviringo vyenye dawa. Dawa ikiwa inafanya kazi, huacha duara safi kuzunguka kikaratasi chake. Mwezi uliopita niliinua kisahani kimoja dirishani. Kwenye sipro hakukuwa na duara hata la upana wa ukucha. Vimelea vimeota mpaka vimegusa karatasi. Penisilini vivyo hivyo. Seftriaksoni, dawa ya sindano, peke yake ndiyo iliyokuwa na duara pana. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu.

Na hili halikuanza jana. Dawa za salfa zilianza kutibu kisonono miaka ya 1930, muongo uliofuata zikawa hazifui dafu. Ikashika penisilini, na mwaka 1976 vikagunduliwa vimelea vinavyoivunjavunja penisilini yenyewe. Sipro nayo Shirika la Afya Duniani liliiacha kwenye mwongozo wake wa kisonono mwaka 2016. Tegemeo letu sasa ni sindano ya seftriaksoni, na Japani walishakutana na kimelea kinachoishinda tangu 2009.

Kinachoninyima raha zaidi ni koo. Kooni mwetu wamo vijidudu wengine, binamu wa hiki cha kisonono, wasio na madhara. Mtu akija kwako na mafua ukampa azithromaisini, antibiotiki nyingine, mafua hayasikii, ila wale binamu wanakufa na wanaobaki ni wale ambao dawa haiwawezi. Kisonono nacho hukaa kooni kimya, bila dalili, kikaokota vipande vya vinasaba vya binamu hao na kuondoka na usugu wao. Kwa hiyo kidonge cha mafua kinaweza kumharibia dawa mtu ambaye hajawahi hata kukanyaga dukani kwako.

Halafu uliniambia ana mke. Umemuuliza hali yake? Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Ugonjwa unapanda polepole hadi kwenye mirija ya uzazi, unaacha makovu, na miaka michache baadaye binti wa watu anaitwa mgumba, anazungushwa kwa waganga, na hakuna anayekumbuka usaha wa mumewe. Akibahatika kushika mimba, mtoto anaweza kuupata wakati wa kuzaliwa, na macho ndiyo yanayoumia.

Najua mkopo wa kikundi unakusubiri. Najua pia ukimrudisha mikono mitupu anaweza kuvuka barabara akanunua kwa jirani, na hilo sina jibu lake zuri. Lakini karudi kwako mara tatu kwa sababu anakuamini. Itumie imani hiyo.

Dawa mpya zipo njiani. Zoliflodasini, ya kunywa mara moja tu, ilijaribiwa katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, na mwaka 2023 wakatangaza matokeo mazuri. Nikisikia hivyo nafurahi, kisha nawaza: ikifika huku tukaiuza kama karanga, itadumu miaka mingapi?

Kijana mwambie aje hapa maabara Jumatano asubuhi pamoja na mkewe. Asikojoe kabla sijachukua kipimo, wala asimeze kidonge chochote kuanzia sasa. Akiona haya, aniulizie mimi kwa jina pale dirishani, nitawapokea mwenyewe. Nauli ikimshinda, nitumie ujumbe leo leo.

Wako,
Mwanaisha