Barua ya wazi kwa akina mama wa dagaa, Kibirizi, Kigoma: anzeni na chakula cha asubuhi

Wanangu wa mwaloni,

Habari za kazi. Nawaandikia kuhusu lile mnalonong'onezana pembeni ya vichanja: kula usiku pasipo njaa, kula mpaka tumbo liume, kisha kujichukia. Mmelipa jina la ulafi. Mimi naliita kula kwa mawazo, na kwa umri wangu niruhusuni niwaambie kwamba mmeanza kulitibu kwa upande usio wake.

Mawazo yenyewe hayahitaji kutafutwa. Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa na beseni linabaki tupu. Masika ikishika, mzigo uliotandazwa asubuhi unanyeshewa kabla haujakauka, na jioni unanuka. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Marejesho ya kikoba hayakufungwa. Juu ya hayo wapo waliochukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Mwenye haya yote kichwani akiniambia hana wasiwasi, ndipo nitakapomshangaa.

Ninachobishana nanyi ni hiki. Mtu anamaliza maandazi ya biashara saa 4 usiku, asubuhi anaapa: leo sili. Anashinda na chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari na vikombe viwili vya kahawa. Usiku anakula kuliko jana. Anadhani ameshindwa usiku, kumbe ameshindwa tangu alfajiri.

Hofu ya ghafla hutoa adrenalini: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, hamu ya kula inakatika. Ndiyo maana siku ya ugomvi wa bei hata maji hayapiti kooni. Hofu ikikaa wiki na miezi, inayotawala ni homoni nyingine, kotisoli, nayo huamsha hamu ya sukari na mafuta. Juu ya hilo kuna usingizi mfupi, kwa kuwa nyinyi huamka saa 10 alfajiri kuwahi mitumbwi: kwa asiyelala vya kutosha, homoni ya njaa hupanda na ile ya shibe hushuka. Sasa mtu huyohuyo akae kwa muda wa saa nane bila kula. Anatetemeka, anatoka jasho, moyo unadunda, anakuwa mkali kwa watoto. Dalili za njaa hiyo na za wasiwasi zinafanana mno, hata mwenyewe hazitenganishi. Andazi likiingia, anatulia kwa dakika chache. Anatulia kweli, wala hajidanganyi, na ndiyo sababu kesho atalirudia.

Basi msianze kwa kupunguza chakula. Anzeni kwa kula mapema. Ndani ya saa moja na nusu tangu kuamka, tumbo liwe limepata kitu: uji kikombe kikubwa wenye vijiko viwili vya karanga za kusaga, au viazi vitamu viwili vya ukubwa wa ngumi na kiganja cha dagaa, au muhogo wa kuchemsha na maharage ya jana. Beba kwenye kontena, ule mitumbwi ikisubiriwa. Kati ya mlo na mlo zisipite saa nne au tano, na jaza katikati kwa ndizi mbivu au karanga za kukaanga kiasi cha kujaza kiganja. Mchana, nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo dagaa, migebuka au maharage. Ugali wa muhogo karibu wote ni wanga, haukai na mtu ukiliwa na mchuzi mtupu. Nawajua wauza dagaa wanaokula ugali kwa chumvi ili dagaa wote wauzwe. Kibiashara nawaelewa, lakini wanachookoa mchana wanakilipa usiku kwa maandazi.

Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki. Ukiikata yote siku moja utairudia yote. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya 25, yaani vijiko vidogo sita hivi. Soda moja ya mililita 350 ina vijiko kama tisa. Kahawa na chai kali ziishie saa 7 mchana, maana baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini, na mwenye wahka akiona moyo unadunda huongeza wahka.

Haya, usiku umefika na mkono uko kwenye mfuniko wa hotipoti. Jiulize swali moja: ningepewa ugali wa muhogo uliopoa na kisamvu, ningekula? Jibu likiwa ndiyo, una njaa. Pakua, kaa chini, kula bila simu, usile ukiwa umesimama juu ya karai. Jibu likiwa hapana, ni andazi tu au chipsi tu ndizo zinazotakiwa, hiyo ni ya mawazo. Njaa ya tumbo huja polepole na hukubali chochote. Ya mawazo hukurupuka na huchagua.

Hapo usijiambie "sili kabisa". Jiambie "nitakula baada ya dakika 10 nikiwa bado nataka". Katazo hugeuza andazi kuwa jambo kubwa kuliko lilivyo, ahadi ya kusubiri haifanyi hivyo. Mara nyingi hamu ya namna hii hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe ndani ya nusu saa. Katika kusubiri huko, pumua. Kaa, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, tumbo lisukume mkono. Itoe kwa mdomo taratibu ukihesabu 6. Fanya hivyo dakika tano. Wanaosema haisaidii wengi hukosea mahali pamoja: wanavuta pumzi kubwa na za haraka, hewa ya kaboni dioksaidi inatoka kupita kiasi, vidole vinachonyota, kichwa kinakuwa chepesi, wanaogopa zaidi. Ukisikia ganzi hiyo, punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze. Kosa la pili ni kungoja siku mbaya ndipo ujaribu. Jizoeze mara mbili kwa siku ukiwa mtulivu, mwili uizoee njia.

Asiyeweza kukaa akaze ngumi na mabega kwa kuhesabu 5, aachie kwa kuhesabu 15, ashuke mpaka miguuni. Au azunguke nyumba kwa mwendo wa haraka hizo dakika 10, kama mtaa ni salama.

Dakika 10 zikiisha na bado unataka, chukua andazi moja, weka kwenye kisahani, funga hotipoti, kaa ule taratibu. Hujashindwa. Na ukiwa umekwisha kula saba, usijiadhibu kwa kufunga kesho yake. Uji wa asubuhi uko palepale. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanguka, na sioni aibu kurudia: adhabu ya asubuhi ndiyo inayozaa usiku mwingine.

Ila pumzi hailipi deni. Saa 11 jioni, si kitandani, chukua daftari dakika 15 uandike unachokiogopa kwa jina na kwa tarakimu. Usiandike "maisha magumu". Andika: "Alhamisi marejesho ni elfu 30, ninayo 18." Sasa unajua unatafuta elfu 12, na mtu anaweza kuambiwa jambo hilo. Mwambie mwenyekiti wa kikoba siku mbili kabla. Wenye vikundi huvumilia taarifa, hawavumilii kukuona umezima simu. Yale yasiyo na la kufanya, kama mbalamwezi au mvua, yaandikwe ukurasa wa pili, daftari lifungwe. Yakirudi usiku, yaambie yangoje kesho saa 11.

Kwenye daftari hilohilo, kwa wiki mbili, andika pia saa uliyokula, ulichokula, njaa ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10, na nini kilitangulia. Gramu na uzito achaneni navyo. Mtaona ruwaza: mmoja hula kila baada ya simu ya mkopeshaji, mwingine kila siku aliyoruka mlo wa mchana.

Maandazi yaliyobaki yasilale chumbani. Uza ya mwisho kwa bei ya hasara au mpe jirani kabla ya saa 2 usiku. Na acheni kusalimiana kwa "umenenepa!" au "umekwisha!"; mwenzako anaweza kwenda na neno hilo hadi kwenye hotipoti.

Yako mambo ya hospitali, na hayo msiyatibu kwa barua yangu. Kula kupita kiasi huku ukihisi huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Kujitapisha baada ya kula. Wasiwasi wa karibu kila siku unaovuruga kazi na usingizi. Kiu kali na kukojoa sana, ambayo huenda ni kisukari. Moyo kwenda mbio huku unakonda, huenda ni tezi ya shingo. Na mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri asubuhi wala asiachwe peke yake. Apelekwe usiku huohuo. Zahanati ya mtaa huandika rufaa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko hapahapa mjini.

Msinunue diazepamu dukani kwa sababu ya usingizi. Hutuliza upesi, mwili huizoea upesi, na kuiacha ghafla ni hatari. Kwa waliokwisha pewa amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva: huweza kuongeza hamu ya kula na uzito. Msiiache kimyakimya, rudini kwa aliyewaandikia awabadilishie. Dua na maombi endeleeni navyo, havizuii kumwona daktari.

Mkifika zahanati au hospitali, msiseme "naumwa kichwa", mtapewa vidonge vya kichwa na kurudi nyumbani. Semeni: "Nina wasiwasi, na ukinishika nakula bila kujizuia." Bebeni na daftari.

Bibi yenu,
Ujiji