Shoga, hamsini ya nini?

Mama Ilham shoga yangu,

Za Morogoro, na baba Ilham hajambo? Ile sauti yako ya wasap nimeisikiliza mara mbili huku nakuna nazi, nimecheka peke yangu, eti unatafuta cherehani ya bei nafuu ila iwe na mishono 50. Hamsini ya nini mama? Pazia ni mshono ulionyooka tu, kava la kochi hivyo hivyo, foronya hivyo hivyo. Hayo maua maua utawaonyesha watoto siku ya kwanza af basi.

Nakwambia hivi manake mwenzio nishaliwa. Si unaikumbuka ile nyeupe yangu, ndogo, niliyoichukua baada ya kuona video? Kanga inapiga, shuka inapiga, nikajiona fundi. Nilipoanza kava za kochi ndo nikaijua. Pale kwenye kona zipu inapokutana na pindo kitambaa kikawa mikunjo sita saba hivi, sindano ikazama ikagoma kutoka, mota inanguruma tu, mara nasikia harufu ya kuungua, nikashika gurudumu nizungushe kwa mkono kuinusuru, ndani ikalia ka! Fundi alivyoifungua akanionyesha gia ya plastiki imeng'oka meno mawili, spea nimetafuta mpaka nimechoka. Sasa hivi inazuia mlango wa stoo.

Ninayotumia leo ni Butterfly nyeusi ya miguu, kichwa chuma kitupu, nimeipata mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni hizi hizi za Kichina unazoziona kwa mafundi wa barazani, zimefuata umbo la Singer za zamani, kwa hiyo fundi yeyote anaijua, na bobini, mkanda, sindano unapata hata kwenye kaduka ka vifungo. Zigizaga, ule mshono wa kwenda upande upande, haina, hilo lazima nikwambie ukweli, mi kingo nakunja mara mbili au nampelekea jirani mwenye ovaloku, ile mashine ya kufunga kingo. Umeme ukikatika naendelea kukanyaga zangu. Na ukichoka miguu unafunga mota pembeni, kichwa kina sehemu yake kabisa.

Ila wiki ya kwanza ilinitesa, uzi unaruka ruka, nikaanza kumlaani aliyeniuzia, kumbe sindano nimeiweka kinyume. Ile sindano ina upande bapa huku juu, kwa hii Butterfly upande huo unakaa kulia na uzi unaupitishia kushoto. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Kama roho yako iko kwenye ya umeme yenye zigizaga, sawa, ila inyanyue kwanza. Ikiwa nyepesi kama kikapu kitupu iache, pazia zito litaivuta mpaka ikufuate miguuni.

Na dukani usikubali wajaribie kile kitambaa chao kilaini, hata cherehani bovu linakishona vizuri. Beba kipande cha pazia lako na tepu yake ya juu, kikunje kiwe matabaka manne, waambie waweke sindano namba 16, kama kochi lako ni kitambaa kigumu kama cha jinzi basi 18, uzungushe gurudumu kwa mkono taratibu huku unasikiliza. Af geuza uangalie chini. Uzi wa chini ukilala umenyooka kama kamba na ukiuvuta unatoka wote, au ukiona mafundo mafundo, warekebishe ukiwa umesimama hapo hapo. Muuzaji akikwambia itakaa sawa ukizoea, aga uondoke. Mguu wa zipu, kile kichuma cha kushonea zipu, nao uulizie, uushike kwa mkono wako, foronya za mito ya kochi bila ule ni kilio.

Ukiamua iliyokwishatumika kama yangu, nenda na fundi wa mtaani kwako, mnunulie soda, yeye ataona kitu ambacho mimi na wewe hatukioni.

Au subiri uje mwisho wa mwezi tushuke wote Kariakoo asubuhi, jua halijawa kali. Njoo na vipimo vya madirisha vya tepu shoga, sio zile shubiri zako. Na kitambaa cha pamba ukiloweke kabla ya kukata. Lile pazia la sebuleni bado linaishia magotini?

Wako,
Mama Nasri