Mikanda ya parashuti kuukuu: tafuteni lebo kwanza

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji wa Bel-Air anayewashauri vijana wanaopanda minara ya simu wanunue mikanda ya parashuti iliyotumika, ile inayotokea mara mojamoja kwenye marobota ya mitumba, eti ni ya bei nafuu na haikatiki. Mimi leo nashona maturubai na viti vya magari hapa Kamalondo, ila enzi za Zaïre kazi yangu ilikuwa kukunja parashuti za parakomando. Mdogo wangu wa Bel-Air aniwie radhi, lakini ushauri ule utaua mtu.

Tuanze na kuutambua mzigo wenyewe, maana wauzaji wa Lubumbashi kila kitu kwao ni "parashuti ya Kolwezi". Askari wa Kifaransa walioruka kwenye mji wa Kolwezi tarehe 19 Mei 1978 walivaa parashuti za Kimarekani aina ya T-10 zilizotoka kwa jeshi letu, na T-10 haifichiki. Mgongoni ina mkoba mmoja tu, yaani mfuko wa parashuti wenye mikanda yake. Kifuani ina pete mbili za umbo la D za kufungia parashuti ya akiba, na mabegani ina vifungo vizito vya chuma vinavyoitwa Capewell. Hata wale Wafaransa ilibidi wafunge mabegi yao kwa waya, kwa kuwa ndoano zao hazikuoana na mikanda ya Kimarekani. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaochukua kifungo cha mkoba huu na mkanda wa mkoba ule wakaviunganisha.

Vingi ninavyoletewa siku hizi si vya jeshi. Ni mikoba ya mchezo, ya raia wa Ulaya na Marekani wanaoruka kwa kujifurahisha, na parashuti zote mbili, kuu na ya akiba, zinakaa mgongoni, moja juu ya nyingine. Mtindo huo ulishika katika miaka ya 1970. Umri wake unaweza kuukisia kwa kutafuta mfuko wa kile kijiparashuti kinachotupwa kwa mkono ili kuvuta parashuti kuu. Ukiwa kwenye mkanda wa tumbo, mkoba ni wa zamani. Ukiwa kwenye mkanda wa paja, ni wa waliofuata. Ukiwa chini kabisa ya mkoba, karibu na kiuno, ni wa mtindo wa karibuni. Na mkoba uliojaa velkro kila kona, jua umekula chumvi.

Kukisia hakutoshi. Lebo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ipekue chini ya vifuniko vya parashuti ya akiba, kwenye kitambaa kinachogusa mgongo, au juu kati ya mabega. Utakuta jina la mtengenezaji, modeli, namba yake na tarehe ya kutengenezwa. Mikoba ya Marekani ina alama TSO-C23, yaani kanuni ya serikali yao ya kuidhinisha parashuti, na herufi nyuma yake: b ni kanuni ya kale, c ilitoka mwaka 1984, d mwaka 1994. Lakini msidanganyike na herufi, kwa sababu kiwanda kilichokubaliwa chini ya b kiliweza kuendelea na muundo uleule miaka mingi baadaye. Tarehe ndiyo inayosema kweli. Ikiwa wino umefifia, usiusugue. Mulika tochi kwa ubavu, piga picha kwa simu, kisha uikuze. Vitabu vya watengenezaji wengi vinapatikana kwenye intaneti. Mpwa wangu hunitafutia.

Sasa nije kwenye minara. Mabegani mwa mikoba ya mchezo kuna pete tatu za chuma kila upande, kubwa, ya kati na ndogo, zimelaliana. Mmarekani Bill Booth ndiye aliyezibuni katikati ya miaka ya 1970. Kila pete hupunguza mzigo unaoifikia inayofuata, hata mzigo mdogo unaobaki unaishia kushikwa na kitanzi chembamba kilichopitishiwa waya laini wa njano. Parashuti kuu ikivurugika, mrukaji huvuta mpini ulio upande wa kulia wa kifua. Waya zinachomoka, vitanzi vinaachia, mikanda miwili ya mabega inayoshika parashuti kuu inaachana na mkoba, naye mrukaji anaanguka huru ili afungue ya akiba. Ndiyo kazi ya pete hizo, na zinaifanya vizuri sana. Sasa mfunge kijana wa mnara kwenye mikanda hiyo ya mabega. Mpini ule umeshikwa na velkro tu, nayo imezeeka. Ukinasa kwenye chuma, kijana anaachiwa palepale, na ya akiba hana. Kuna mkoba mmoja niliuona ambao waya wa njano ulikuwa umepotea, na mwenyewe kapitisha msumari kwenye kitanzi.

Mrukaji anayejali huzifungua pete hizo kila mwezi, akaukunjakunja mkanda uliolala ndani yake usikakamae, akaipangusa ile waya na kuipaka silikoni kidogo tu. Mkoba uliolala robotani miaka na miaka, nani aliufanyia hayo?

Kisha kuna nailoni yenyewe. Jua linaila polepole. Funua mkunjo wa mkanda ulinganishe rangi ya ndani na ya nje. Zikiachana sana, mkanda umechoka. Asidi ndiyo inayonitia hofu zaidi huku kwetu Katanga, ambako malori ya asidi ya sulfuriki kwenda migodini ni ya kila siku na betri za magari husafirishwa juu ya mizigo ya watu. Mkanda ulioguswa na maji ya betri unaweza kupendeza macho huku nyuzi zake zimekwisha. Kagua pia kutu kwenye vifungo na doa lake kwenye mkanda. Vijicho vya shaba, yale matundu ya kupitishia vitanzi, vipitishie pamba: ikinasa, kuna ukali hapo, na ukali huo utakata kitanzi.

Kuosha ni maji baridi na sabuni laini, kisha kuanika kivulini. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana, hata kama mnunuzi anapenda mkanda mweupe. Na fundi viatu asiguse mshono wa paja. Marekani, fundi wa parashuti wa ngazi ya kawaida haruhusiwi kufanya matengenezo makubwa ya mikanda. Hiyo ni kazi ya ngazi ya juu.

Ukikuta parashuti ya akiba bado imo, imefungwa kwa uzi mwekundu na lakiri ya risasi, usivute mpini kwa udadisi: ndani mna springi kali, itakupiga usoni. Tafuta kadi kwenye mfuko mdogo ujue lini ilikunjwa mara ya mwisho. Kwa Wamarekani, akiba ya nailoni ikipita siku 180 haijafunguliwa, hairuhusiwi kurukwa. Kuna hata akiba za mviringo za miaka ya 1980 ambazo wavu ulioshonewa humo wenyewe ulitoa asidi ikala kitambaa, nazo hazijawahi kutumika hata mara moja.

Mdogo wangu, mkanda wa mnara ununuliwe mkanda wa mnara, wenye lebo ya kazi hiyo na pete yake mgongoni. Mimi kuangalia mkoba sitozi chochote. Usio na lebo naikata mikanda yake vipande vifupi mbele ya mwenye mali, asije akauuzia mwingine. Vifungo naye anaondoka navyo, na kitambaa, kikiwa kizima, namshonea begi la shule kwa bei ya uzi.

Mkunjaji wa zamani,
Kamalondo, Lubumbashi