Utazame mshale unapotokea

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, hofu ni kwako tu. Nimesoma kwamba siku hizi mishale yako yote inaingia kwenye duara kwa mita 30. Hongera. Ila duara si mnyama wa kuwinda: halina mbavu wala bega, na halijigeuzi.

Mshale hauna kishindo cha risasi. Unaua kwa kukata mishipa, mnyama akaishiwa damu. Ndiyo maana tunalenga mapafu yote mawili, na moyo ulio chini yake, na ndiyo maana chembe butu, yaani ncha ya mshale isiyo na makali, haifai hata kukaa kwenye podo. Akikupa ubavu, pandisha jicho nyuma tu ya mguu wa mbele, mpaka theluthi ya mwili kutoka chini. Chagua unyoya mmoja hapo, usilenge mnyama mzima. Ukisogea mbele utagonga mfupa wa bega, ukirudi nyuma utaingia matumboni.

Wengi wanaishia hapo, kwenye tundu la kuingilia. Mimi nataka ufikirie la kutokea. Akisimama mshazari, kichwa kikielekea mbali nawe, ukalenga pale pale ulipozoea, utapata pafu moja, na mnyama wa pafu moja huenda mbali mno. Lenga ili mshale utokee penye bega la upande wa pili. Utaingilia nyuma zaidi kwenye mbavu, na macho yatakukatalia mwanzoni, yazoeze. Ukiwa juu ya mti mshale unashuka, kwa hiyo ingia juu kidogo ili utokee chini. Akikuelekea kifua, au akikupa mgongo, shusha upinde. Hata awe na pembe za namna gani.

Halafu kuna masikio ya mnyama. Sauti huenda mita 340 kwa sekunde, mshale wako tuseme 80. Kwa mita 30 mshale unatumia karibu sekunde 0.4, na mlio wa ugwe, kamba ya upinde, umeshafika kitambo. Yeye huchutama ili ajirushe, mshale ukapita juu ya mgongo. Kwa hiyo aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio, mwache kwanza arudi kula.

Ukishapiga, tulia. Kisha nenda polepole ukautazame mshale. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, ngoja nusu saa. Iliyokoza kuelekea weusi ni ya ini: ngoja muda wa saa 3 au 4. Ukiona uchafu wa kijani unaonuka, ni matumbo; ondoka kimya, urudi baada ya muda wa saa 8 au zaidi. Ukimfuata mapema atainuka kutoka alipolala, na huenda usimpate tena.

Kwenye barua ijayo nichoree mnyama aliyesimama mshazari, utie alama mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Nitausahihisha mchoro wako kwa kalamu nyekundu, kama daftari la hesabu.

Mama yako