Jedwali la sadini la mwaka mmoja halitoshi

Mhariri, salaam. Nimeona mmepanga nchi kwa tani za sadini, Moroko juu, wengine wanafuata. Kweli Moroko ndo vinara, hapo sina ubishi, ila mwaka mmoja tu hauwezi kupima uvuvi wa samaki huyu, na hata hao Moroko mavuno yao yameshuka sana kati ya 2022 na 2024.

Chukua Japani. 1988 walivua karibu tani milioni 4.5, halafu joto la bahari likabadilika, vifaranga wakawa hawafiki ukubwani, kufika 2005 hata tani 30,000 hawakufikisha! Sasa hivi wamerudi, wanapita laki 5. Mngechapisha jedwali la 2005 msomaji angedhani Wajapani hawajui sadini kabisa.

Afu kuna kitu kinaniuma zaidi, tani nyingi zinaweza kuwa dalili mbaya. Sadini hata wakibaki wachache bado wanatembea kundi moja, na boti inalitafuta kundi hilohilo, usiku wa giza maji yanang'aa wanapopita, mnalizungushia nyavu, mnakaza kamba ya chini kama mdomo wa mfuko, basi, kundi zima limeingia. Kwa hiyo nyavu zinajaa vilevile wakati bahari inaisha, na kwenye karatasi nchi inaonekana inafanya vizuri. Namibia ndo ilivyokuwa, 1968 maji yake yalitoa karibu tani milioni 1.4, nyingi zikasagwa unga na kukamuliwa mafuta, kulikuwa na meli za kiwanda zinasaga hukohuko baharini. Miaka michache tu mbele mavuno yakaporomoka, na 2018 serikali ikafunga kabisa uvuvi wa sadini. California nao walivuna zaidi ya tani laki 6 msimu wa 1936, 1967 wakapiga marufuku, wakafungua tena miaka ya 80, 2015 wakafunga tena.

Na tafadhali msichanganye Peru humo, tani zao nyingi za siku hizi ni anchoveta, samaki mwingine, anaenda kwenye unga wa kulisha mifugo na samaki wa kufugwa.

Naomba mrudie hilo jedwali, mwekee kila nchi miaka 40, na pembeni muonyeshe tani ngapi zilienda kwenye kopo na ngapi kwenye unga.

Msomaji wenu