Anayekesha akitega nzi wa kala-azar hapotezi pesa za umma

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wenu aliandika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba ni kituko watu kulipwa mshahara wakeshe porini wakitega nzi huku wagonjwa wa kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na nzi wa mchanga, wanakosa dawa, akamalizia kwa kusema pesa zote za utafiti wa wadudu zihamishiwe kwenye dawa na vitanda. Hasira yake naielewa. Ukishamuona mtoto ambaye homa haimwachi wiki nenda wiki rudi, amekonda mbavu zinahesabika lakini tumbo limejaa kwa sababu wengu umevimba mpaka unapita kitovu, huwezi kuwa na hamu ya kusikia stori za mdudu wa milimita mbili. Lakini hesabu yake haiko sawa na naomba nafasi nimjibu, manake hii kazi ya nzi nimeifanya kwa mikono yangu, siisikii tu kwa watu.

Haya. Dawa ziko na zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Kala-azar isipotibiwa inaua zaidi ya asilimia 95 ya wanaougua, na Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wapya kati ya 50,000 na 90,000 kila mwaka, wanaofika kwenye ripoti hawatimii hata nusu. Kwa hiyo dawa inunuliwe tena ya kutosha. Ila tujue tunanunua nini: kwa miaka mingi tiba ya kawaida Afrika Mashariki imekuwa sindano mbili kila siku kwa siku 17, zinauma kwelikweli, na moja kati ya hizo dawa ina antimoni, aina ya metali, ambayo inaweza kusumbua moyo. Mtu anavumilia yote hayo anapona anarudi nyumbani. Yeye mara nyingi anabaki na kinga, sawa, lakini wadogo zake je? Wanakaa palepale jioni, na nzi yuleyule yupo palepale.

Mdudu mwenyewe, nzi wa mchanga, ni mdogo kuliko mbu, milimita mbili hadi tatu hivi, ana manyoya, rangi ya vumbi, akitua anasimamisha mabawa juu kama herufi V. Hakupigii kelele sikioni. Haruki mbali, anarukaruka fupifupi karibu na ardhi au ukutani na upepo ukivuma kidogo tu anatulia kwenye mwanya wake. Anayeuma ni jike peke yake, anatafuta damu ya kukuzia mayai, na hachomi mshipa kama mbu anavyofanya, anakata ngozi mpaka kinatokea kidimbwi kidogo cha damu ndio anakunywa. Na hapa ndipo mazoea yetu ya malaria yanapogonga mwamba, huyu hazai majini! Unaweza kufukia kila dimbwi usimpunguze hata mmoja, manake mayai yake yako kwenye udongo wenye unyevu na uozo, kwenye nyufa, kwenye mashimo ya panya, kwenye mabanda ya ng'ombe, ndani ya vichuguu. Funza wake ni wadogo mno, mtu anachekecha udongo ndoo kwa ndoo anaambulia wawili watatu, siku nyingine anaambulia udongo tu. Neti nazo hivyohivyo, iliyomzuia mbu siyo lazima imzuie huyu, matundu yakiwa makubwa anapenya.

Msomaji wenu anasema eti mambo haya yalishajulikana zamani. Zamani ipi? Madaktari Leishman na Donovan walitangaza vimelea vya ugonjwa huu mwaka 1903, wote wawili kutoka kwa watu waliougulia India, lakini kumpata anayevisambaza kulichukua karibu miaka 40. Kunguni alishukiwa, baadaye nzi wa mchanga akawa mshukiwa mkuu, ila kila wakijaribu maabara inagoma: anakunywa damu yenye vimelea, vimelea vinaonekana tumboni mwake kabisa, halafu akiachiwa amuume mwingine hakuna kinachotokea. Kilichofungua mlango ni zabibu. Watafiti kule India walikuwa wanawalisha nzi damu na damu tena, mpaka Smith na wenzake walipoamua baada ya damu ya kwanza wawaachie zabibu kavu wafyonze utamu wake, kama ambavyo huko nje nzi anafyonza utomvu wa mimea. Vimelea vikazaliana mpaka vikaziba koo la nzi, na nzi aliyezibwa koo akiuma lazima atapike kwanza ndio anywe. Mwaka 1942 watafiti Swaminath, Shortt na Anderson wakawaachia nzi waliotunzwa hivyo wawaume watu waliojitolea, na watu wakapata kala-azar. Kesi ikafungwa hapo. Sasa niambieni, mwaka 1935 angetokea mtu akasema acheni kuchezea nzi nunueni dawa, tungekuwa wapi leo?

Lakini siyo historia iliyonifanya niandike. Kinachonikera ni hii imani kwamba nzi wa mchanga ni mmoja, ukishamjua wa India umemjua wa Sudan. Aina zinazojulikana kueneza kala-azar na magonjwa yaliyo ndugu zake ni zaidi ya 90 na kila mmoja na tabia zake. India na Bangladesh mhusika ni Phlebotomus argentipes, anapenda mabanda ya ng'ombe na kuta za udongo, anaingia ndani, na vimelea anavyoeneza anavitoa kwa binadamu tu. Kwa hiyo ukipuliza dawa kwenye kuta na ukawatafuta wagonjwa mapema ukawatibu, unamkamata pabaya, na ndivyo walivyofanya mpaka Bangladesh mwaka 2023 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa kwamba imeiondoa kala-azar kama tatizo la afya ya jamii. Wanastahili pongezi zao.

Njoo Kenya. Miaka ya 1950 kulipotokea mlipuko Kitui, mtafiti Heisch aliona wagonjwa wengi nyumba zao ziko karibu na vichuguu vya mchwa, na mwaka 1962 yeye na Wijers na Minter wakaandika wakimnyooshea kidole Phlebotomus martini, nzi ambaye mchana anajificha kwenye mashimo ya kichuguu anatoka jioni. Huyo baadaye akakutwa na vimelea Baringo. Ukuta wa nyumba yako ukiupuliza kila mwezi yeye unamhusu nini? Anamuuma kijana anayepumzika kwenye kichuguu akingoja mifugo ikusanyike. Ukienda Sudan, Sudan Kusini na sehemu za Ethiopia unakutana na mwingine tena, Phlebotomus orientalis, wa misitu ya migunga na mijunju kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, na huyo anauma sana nje. Huko Upper Nile magharibi, kwenye Sudan Kusini ya leo, kati ya 1984 na 1994, vita vikiendelea na watu wanakimbia huku na huku wakipita misituni usiku, inakadiriwa watu 100,000 hivi walikufa kwa kala-azar. Laki moja!

Mfano wa neti unatosha. Kulifanyika jaribio kubwa India na Nepal la kugawa neti zenye dawa vijiji vingine vipewe vingine visipewe, mwishowe hawakuona tofauti ya maana ya wagonjwa wa kala-azar. Gedaref mashariki mwa Sudan neti zilipogawiwa kwa wingi kuanzia 1999, waliochambua takwimu baadaye waliona wagonjwa wamepungua sana. Neti ni neti, dawa ya kwenye neti ni ileile jamii moja, kilichobadilika ni nzi, saa anayouma na mahali anapokukuta. Sasa afisa aliyekaa ofisini anayepanga kununua neti au dawa ya kupuliza atajuaje yake iko upande gani kama hakuna mtu aliyekesha akahesabu? Atakisia tu, na pesa ya kukisia ndiyo pesa iliyopotea, siyo mshahara wa mtega nzi.

Na Bihar, jimbo la India? Walipuliza DDT, dawa ya kuua wadudu, miaka nenda rudi, wadudu wakapimwa ikaonekana DDT haiwaui tena inavyotakiwa, ndipo karibu na 2015 India ikabadili dawa. Bila yule mtu wa kuweka nzi kwenye kichupa chenye karatasi ya sumu akahesabu wangapi wameanguka, wangeendelea kupaka kuta unga usio na kazi.

Niseme kidogo hiyo kazi ikoje, manake watu wanadhani ni utalii. Jioni unatundika mitego ya taa, balbu ndogo na feni ya betri juu ya mfuko wa wavu laini, kwenye mdomo wa shimo unaweka karatasi ulizopaka mafuta ya mbarika, nzi akitoka ananasa. Asubuhi kabla jua halijachoma unakusanya, mfuko umejaa nondo, mbu, vijidudu visivyo na jina, na humo ndani utafute wako kwa kibano. Unamuosha, unamlaza kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, unashika sindano mbili nyembamba, moja inabana kifua nyingine inavuta sehemu ya mwisho ya tumbo polepole mpaka utumbo utoke mzima. Ukikatika umempoteza. Halafu unaangalia kwenye hadubini kama kuna kitu kinachezacheza, vimelea vilivyo hai vina mkia na havitulii. Na jike huwezi kumjua ni wa aina gani kwa kumtazama nje, unaangalia kifuko kidogo ndani yake anachohifadhia mbegu za dume, ndiyo kinasaidia kutofautisha aina moja na jirani yake asiye na hatia. Unaweza kupasua mamia usimkute hata mmoja mwenye vimelea, na hiyo nayo ni habari, inaandikwa.

Wapo wanaosema siku hizi kuna vipimo vya DNA kwa hiyo macho hayana kazi tena. Vipimo hivyo vinasaidia sana, navikubali, ila mashine itakuambia ndani ya huyu nzi kuna DNA ya vimelea, haikuambii kama viko hai na vimefika kooni au ni mabaki ya damu aliyokunywa jana. Bado mtu anahitajika. Na watu hao wanaisha, bwana. Waliofundishwa kutambua nzi kwa macho wengi wameshazeeka, vijana wanaenda kwenye kompyuta, mradi ukiisha mitego inafungiwa stoo, betri zinakufa, mlipuko unaofuata unaanza upya na watu wasiojua hata kichuguu kipi kilitegwa mara ya mwisho.

Sasa turudi kwenye dawa zenyewe, manake ndiko msomaji wenu alikosimama. Kuna wagonjwa wanaopona kala-azar halafu baada ya miezi au miaka ngozi inatoka madoa na vipele, hawasikii maumivu, wanafanya kazi zao, hospitali hawaoni sababu ya kwenda. Wahudumu nao walikuwa wanaona ni suala la ngozi tu. Ilibidi Bangladesh wachukue nzi waliofugwa maabara, wasio na ugonjwa wowote, wawaache wawanyonye damu watu wa namna hiyo kwa ridhaa yao, ndipo nzi wakatoka na vimelea. Maana yake huyo mtu mwenye madoa anaweza kuwalisha nzi vimelea kijiji kinapodhani kimemaliza. Kwa hiyo nani apewe dawa na hata yule anayejiona mzima ahimizwe kuimaliza, jibu hilo limetoka kwenye tumbo la nzi. Ukiziondoa pesa za nzi ukaziweka kwenye dawa unanunua dawa bila kujua orodha ya wanaozihitaji.

Serikali za Afrika Mashariki zilikutana Nairobi Januari 2023 zikakubaliana kuiondoa kala-azar kama tatizo la afya ya jamii na nimefurahi. Ombi langu ni kwamba kwenye hizo bajeti kuwe na mstari wa mtu wa wadudu anayeajiriwa kudumu kila eneo lenye ugonjwa, siyo kibarua wa miezi mitatu, na mitego iwekwe hata miaka ambayo hakuna mlipuko, hasa miaka hiyo. Waandishi wenu nao wakienda kwenye mlipuko wasiishie kuuliza wagonjwa wangapi na waliokufa wangapi, waulize nzi gani amekamatwa, ndani au nje, saa ngapi, nani amempasua. Wakijibiwa hatujui, hiyo ndiyo iwe kichwa cha habari.

Na mkiichapa barua hii tafadhali msiweke picha ya mbu.

Mtega nzi