Jibu lisilo sahihi la mwanafunzi lina sababu, tuiulize kwanza

Bwana Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yakibandikwa, hapa Goma tunasikia lawama zilezile: watoto hawasomi, walimu hawafundishi, madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwaka 2019. Kufurika yamefurika kweli. Lakini lipo jambo lingine ambalo halingoji pesa ya serikali. Mwanafunzi huingia darasani akiwa na maelezo yake tayari, nasi tunammwagia maelezo mapya juu yake bila kuuliza chini kuna nini. Siku ya mtihani huandika ya mwalimu. Mitihani ikipita, hurudia yake.

Chukua hesabu za virguli, yaani za desimali. Mwulize mtoto wa darasa la tano ipi kubwa, 0,8 au 0,35. Yupo atakayechagua 0,35, kwa kuwa 35 inapita 8. Mwalimu humwambia aongeze sifuri, iwe 0,80, naye hupata. Amepata kanuni, wazo lenyewe halijaguswa. Sasa mpe 0,4 na 0,65. Mtoto huyohuyo atasema 0,65, na atapewa alama kwa jibu sahihi lenye sababu mbovu. Mwenzake atasema 0,4 ndiyo kubwa. Huyo ameshika kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, basi kwake namba yenye tarakimu nyingi baada ya virguli ni ndogo siku zote. Na huyu ndiye aliyepata 0,8 na 0,35 bila taabu! Mwalimu anayetoa zoezi la aina moja tu humpa mmoja wao alama kamili bila kujua. Zinahitajika jozi zote mbili, pamoja na 0,6 na 0,60, dakika tano kabla ya somo kuanza.

Kosa lenyewe mara nyingi tunalilisha sisi kwa midomo yetu. Tunasoma 0,25 kama “zéro virgule vingt-cinq”, na mtoto anasikia ishirini na tano. Tusome “sehemu mbili za kumi na sehemu tano za mia”, ingawa ni refu. Kisha tuazime futi ya fundi cherehani, tukate kamba mbili, moja ya mita 0,8 na nyingine ya mita 0,35, tuzining’inize ubaoni zikiwa zimepangana. Kanuni ya kuongeza sifuri ije baada ya hapo.

Katika sayansi, mfano mkubwa wa huku kwetu ni mazuku. Upande wa kwenda Sake, kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano, kaboni dioksidi hutoka kwenye nyufa na kutuama, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mbuzi hulala humo asiamke. Mtu mzima aweza kupita wima asihisi kitu mahali ambapo mtoto aliyeinama anaanguka. Watoto wameshasikia habari hizi na wana maelezo yao: pepo, uchawi, sumu iliyotegwa. Hata aliyekariri jina la gesi hiyo kwa Kifaransa huweza kubaki na mawazo matatu: kwamba gesi haina uzito, kwamba gesi zote hupanda juu, na kwamba hewa mbaya lazima inuke. Hayo hakuyaota. Moshi wa makala anauona ukipanda kila jioni, na choo anakisikia kikinuka.

Jaribio lake ni la bei ndogo. Kata kichwa cha bidoni ya lita 5, uioshe, usimamishe ndani mishumaa mitatu: wa sentimita 2, wa 5 na wa 15. Washa yote. Kabla ya kugusa kitu kingine, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari upi utazimika kwanza, na kwa nini. Hatua hii isirukwe, kwa sababu asiyeandika atasema baadaye kwamba alikuwa anajua. Kwenye jagi la lita 2 au 3 weka mililita 200 za siki ya asilimia 5, kisha bikarbonati vijiko vidogo vinne, kimoja kimoja, la sivyo povu litamwagika. Hutoka karibu lita 4 za gesi, nyingi kuliko jagi, hivyo hewa iliyokuwamo husukumwa nje. Povu likitulia, inamisha jagi polepole kwenye ukingo wa bidoni bila kumwaga siki. Watoto wataona jagi linalomiminwa, hakuna kinachotoka, na mshumaa mfupi unazimika. Halafu wa kati. Mrefu unabaki ukiwaka.

Hapo ndipo pa kuuliza: kitu gani kimemwagika? Maelezo ya uzito yaje sasa, kwamba molekuli ya kaboni dioksidi ina uzito wa 44 na hewa wastani wa 29, yaani gesi hii ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa. Na moshi je? Unapanda kwa sababu ni wa moto, ukipoa hushuka. Bila kulijibu swali la moshi, somo zima litabomoka mtoto akifika nyumbani.

Jaribio hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo wa dirishani, ambao hufagia gesi yote. Ya pili ni hatari zaidi kwa ufahamu: mwalimu asiye na siki hufunika mishumaa mitatu kwa chombo kilichofungwa. Humo mrefu ndio huelekea kuzimika kwanza, kwa kuwa gesi ya mwako ni ya moto na hukusanyika juu. Mtoto huondoka akiwa na uhakika zaidi wa kosa lake. Tena ni lazima kuwaambia waziwazi kwamba mshumaa si kipimo cha mazuku. Waweza kuendelea kuwaka mahali ambapo gesi imeshafika kiwango cha kumdhuru mtu. Asiende mtu kujaribu.

Upo mzizi mwingine, nao umo katika lugha. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, yenye mzigo ikiachwa kwenye lami tambarare husimama. Uliza kwa nini, utajibiwa “nguvu imeisha”. Neno letu nguvu linabeba maneno matatu ya kitabu: force (kusukuma au kuvuta), énergie (uwezo wa kufanya kazi) na puissance (kasi ya kufanya kazi). Mtoto akimaanisha énergie, yuko karibu na ukweli, maana mwendo umegeuzwa joto na msuguano. Akimaanisha force, amekosea, kwani hiyo haihifadhiwi ndani ya kitu kama maji ndani ya bidoni. Kumwambia “umekosea” kabla ya kumwuliza “nguvu ipi?” ni kumwonea. Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vina kani kwa force na nishati kwa énergie, na hakuna kinachotuzuia kuyatumia. Kisha achia kigari cha watoto kwenye ubao ulioinuliwa sentimita 30, kishukie kwenye mchanga, kwenye udongo mgumu, kwenye sementi, na kila mara mpime kilifika wapi. Nguvu ya kuanzia ni ileile. Kwa nini basi “iishe” upesi kwenye mchanga?

Wakati mwingine kosa ni la kitabu kisichoijua Goma. Maji yanachemka kwa digrii 100 kwenye kanda za usawa wa bahari. Hapa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1.500, ni kama 95. Mwanafunzi anayesoma 95 na kuambiwa kwamba kipimajoto kimeharibika amefundishwa kutoyaamini macho yake.

Watasema haya hayawezekani mbele ya watoto sabini. Yanawezekana. Andika swali moja ubaoni lenye majibu manne, kila jibu lisilo sahihi likibeba kosa linalojulikana. Watoto wafumbe macho, waonyeshe vidole mbele ya kifua, kimoja hadi vinne. Hesabu, andika jumla ubaoni, usiseme lipi sahihi. Wajadili na jirani dakika tatu, waonyeshe vidole tena. Waliopata mara ya kwanza wakiwa chini ya theluthi, majadiliano hayatasaidia sana. Anza na jaribio. Na lile swali letu la “una uhakika?”, ambalo hulitoa tu mtoto anapokosea, tuliulize pia anapopata, maana watoto wamelizoea na hubadilisha jibu kabla ya kufikiri.

Ombi letu kwa wainspekta, wadirekta na maprefe (wakuu wa sekondari) ni dogo. Fishi ya somo, yaani mpango wa somo anaouandika mwalimu, inakaguliwa kwa lengo, vifaa na muda. Uongezwe mstari mmoja: wanafunzi wanaamini nini kabla ya somo hili, na swali gani litalifichua. Mwalimu aliyeandika “wataamini gesi zote hupanda, nitauliza mshumaa upi utazimika kwanza” apewe alama zake hata kama kurasa zilizobaki hakuzimaliza siku hiyo.

Walimu wa hesabu na sayansi,
Himbi, Goma